Kinachoondoka Gari Linapong'aa

Toyota nyeusi iliyooshwa vizuri na kuegeshwa kivulini haina kasoro. Itoe juani saa nane mchana, uinamie boneti mpaka uione taswira ya jua, na kasoro zitajitokeza zenyewe: vikwaruzo vyembamba, duara ndani ya duara, vimelizunguka jua kama utando wa buibui. Sogea hatua mbili kushoto, na utando unakufuata. Wengi wakiona hivyo humlaumu fundi, wakiamini alilisugua gari kwa kuzungushazungusha mkono. Kwa kweli vikwaruzo hivyo vimekwenda kila upande, na vingi vimenyooka. Jicho huviona tu vile vilivyokingama na mwanga, ndiyo maana vinaonekana kuwa duara na ndiyo maana duara lenyewe linatembea na mtazamaji. Vilikotoka si siri: kitambaa kilichoanguka mchangani kikaokotwa na kuendelea na kazi, ndoo moja ya maji iliyoosha magari manne, dereva anayepangusa vumbi asubuhi kwa kitambaa kikavu.

Mwenye gari sasa anataka ling'ae upya, na kwenye gereji au sehemu ya kuoshea magari ataambiwa lipigwe polishi. Atakachotozwa kinategemea anaongea na nani, na matokeo yanategemea ni mashine gani itakayotoka kwenye boksi. Tofauti ya mashine hizo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Nyingi zina waya, mshikio na sponji mbele. Ndani hazifanani hata kidogo.

Kwanza tujue zinasugua nini. Kwenye gari la kisasa, juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna klia, ile vanishi isiyo na rangi inayotoa mng'ao. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Klia peke yake huwa kati ya maikroni 35 na 50. Unywele wa kichwani ni mnene zaidi. Kikwaruzo ni mfereji uliochimbika kwenye klia hiyo. Mfereji haujazwi na polishi kwa kudumu. Unapotea pale tu kingo zake zinaposuguliwa hadi kufikia kina chake, maana yake klia yote inayouzunguka imepunguzwa. Hakuna mashine inayoongeza mng'ao kwenye gari. Kila moja inaondoa kitu, na swali la maana ni inaondoa kwa namna gani na inampa fundi nafasi gani ya kukosea.

Raundi moja ya kusugua kwa uangalifu huondoa maikroni chache tu. Ni kidogo. Lakini ndani ya klia mna kemikali zinazokinga mionzi ya jua, na katika nchi ambazo jua hukaa utosini mwaka mzima, klia iliyokondeshwa hailindi rangi ya chini yake kwa muda mrefu. Gari linalopigwa kompaundi nzito, ile polishi yenye chembe za kukata, kila mara kabla ya sikukuu linalipia mng'ao huo kwa maisha ya rangi yake.

Mashine ya kale kuliko zote, na ambayo bado ndiyo bwana kwenye gereji nyingi za rangi, ni rotari. Ufundi wake ni mwepesi: mota inazungusha gia, gia inazungusha mhimili, na pedi imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili huo. Inazunguka upande mmoja, mahali pamoja, na haisimami hata ukiikandamiza. Makita 9237C, ambayo mafundi wengi duniani wamejifunzia, huenda mizunguko 600 hadi 3,000 kwa dakika. Nguvu hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo hatari yake.

Piga hesabu. Pedi ya milimita 150 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake unasafiri zaidi ya mita 700 kila dakika, sawa na kilomita 42 kwa saa. Katikati ya pedi hiyohiyo mwendo ni sifuri. Kwa hiyo sehemu moja ya pedi inakata sana, nyingine haikati kabisa, na kila chembe ya kompaundi inapita juu ya klia kwa mkondo uleule mara kwa mara. Mikondo hiyo huacha alama ndefu zilizopinda, ambazo chini ya jua hucheza na mwanga kila ukisogea. Mafundi huziita hologramu. Gari limeondolewa utando wa buibui likapewa hologramu, na mteja haoni mpaka afike nyumbani.

Kuna suala la joto pia. Rotari ikikaa mahali pamoja sekunde chache zaidi ya inavyopaswa, klia inapata moto. Bati husambaza joto hilo kidogo, lakini bampa ni plastiki na plastiki haipeleki joto popote, hivyo rangi ya bampa huungua kabla ya ile ya mlango. Penye kona na mikunjo ya bodi, pale mlango unapopinda au boneti inapokunjwa, rangi huwa nyembamba na pedi hukandamiza eneo dogo tu. Hapo ndipo praima hutokeza. Fundi mzoefu hufunika kingo hizo kwa tepu ya karatasi, anasogeza mkono bila kusita, na mara kwa mara anagusa bati kwa kiganja. Kiganja kisipoweza kutulia juu ya bati, kazi inasimama.

Pamoja na hayo, nisingependa kumsikia mtu akisema rotari imepitwa na wakati. Fundi aliyemaliza kupiga klia mpya na kuisugua kwa msasa wa maji namba 2,000 ana mikwaruzo ya msasa gari zima, na hakuna chombo kinachoifuta kwa haraka kuliko rotari yenye pedi ya manyoya ya kondoo. Mikononi mwa mtu aliyeizoea, kwa spidi ndogo na sponji laini, inaweza hata kumaliza kazi bila kuacha hologramu. Shida ni kwamba watu wa namna hiyo ni wachache, na mashine zenyewe zinauzwa kwa yeyote mwenye pesa.

Kibaya zaidi ni grainda. Kwenye gereji za uchochoroni mtu huchukua grainda ndogo ya kukatia vyuma, anafunga pedi ya sponji kwa kuwa nyuzi za mhimili zinaingiliana, na kuita hiyo mashine ya polishi. Grainda ya kawaida ya milimita 115 huenda karibu mizunguko 11,000 kwa dakika bila kuwa na kitu cha kuipunguza. Ukingo wa kitu chenye upana huo, kwa kasi hiyo, unakwenda zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Pedi za polishi hazikutengenezwa kwa kasi hiyo. Zinaweza kuraruka na kuruka, na kama hazikuruka, zinakula klia kabla mkono haujajua kilichotokea. Ukiona fundi anaelekea gari lako na grainda, omba funguo.

Mashine ya pili ni ile ya miendo miwili, ambayo wengi sasa wanaiita DA. Hapa pedi haijafungwa kwenye mhimili wa mota moja kwa moja. Mota inazungusha kipande cha chuma chenye uzito upande mmoja, na pembeni ya kipande hicho, si katikati yake, ndipo ilipo bearingi inayobeba pedi. Mota ikizunguka, pedi yote inasukumwa kwenye viduara vidogo kwa kasi kubwa. Kwa kuwa bearingi iko huru, pedi pia inaanza kujizungusha yenyewe polepole, kwa msukumo tu. Matokeo yake hakuna chembe ya kompaundi inayorudia njia yake, na kila sehemu ya pedi, katikati na ukingoni, inafanya kazi karibu sawa. Hologramu hukosa pa kuanzia, na joto hupanda taratibu.

Upana wa viduara hivyo ndio unaotofautisha DA moja na nyingine. Porter-Cable ya Marekani, modeli ya 7424, iliyowafungulia mlango watu wa kawaida waliotaka kusugua magari yao wenyewe uani, ilikuwa na viduara vya takriban milimita 8. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, kampuni ya Rupes ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilileta familia ya mashine inazoziita BigFoot, zenye viduara vya milimita 15 na 21, na uwiano wa uzito uliokokotolewa upya ili mkono wa fundi usife ganzi. Tangu hapo viwanda vingi, vya Ulaya na vya China, vimefuata njia hiyo.

Hesabu inaeleza kwa nini. Kiduara cha milimita 8 kina mzingo wa milimita 25. Mara 6,000 kwa dakika, chembe inasafiri mita 150. Kiduara cha milimita 15 kwa spidi ndogo zaidi, mara 4,500, kinampa mtu mita 212. Cha milimita 21 kwa spidi hiyohiyo kinafika karibu mita 300. Bado ni chini ya nusu ya ukingo wa rotari, lakini mwendo huo unapatikana kwenye pedi nzima badala ya ukingoni tu, na kwa hatari ndogo sana.

DA ina udhaifu wake nao haufichiki. Kwa kuwa pedi iko huru, ukiikandamiza sana, ukiilaza upande, au ukiipeleka kwenye sehemu iliyobonyea kama chini ya kitasa cha mlango, inaacha kuzunguka. Inatetemeka tu. Fundi asiyejua anadhani anafanya kazi, kumbe anapoteza umeme. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: chora mstari mmoja kwa kalamu ya maka kwenye ukingo wa sahani inayoshika pedi. Ukiuona mstari unazunguka, unasugua. Ukiuona umesimama, punguza mkono. Mashine za viduara vya milimita 21 zina tatizo hili zaidi kwenye magari madogo yenye mikunjo mingi. Zinafaa boneti pana, paa la Land Cruiser, ubavu wa basi. Kwa Vitz au Passo, 15 ni bora, na pengine 12.

Kati ya rotari na DA kuna ndugu wa tatu, mashine ya gia. Inatembea kwenye viduara, na wakati huohuo gia zinailazimisha pedi izunguke, hivyo haiwezi kusimama hata kwenye kona. Flex XC 3401 VRG ya Ujerumani ndiyo mfano unaojulikana: viduara vya milimita 8, mara 3,200 hadi 9,600 kwa dakika, huku pedi ikilazimishwa kuzunguka mara 160 hadi 480. Inakata vizuri kuliko DA ndogo na haichomi kirahisi kama rotari. Lakini inatikisika, inavuta mkono upande mmoja, na baada ya saa nzima bega litakueleza. Makita wametoa PO5000C inayobadilika, gia au huru, kwa kugeuza kitufe. Kwa anayefanya biashara na hataki kununua mashine mbili, hiyo ni fikra nzuri.

Zipo pia zile mashine pana, nyepesi, zenye kofia ya kitambaa, zinazouzwa kwa bei ya chini, nyingine zikichomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya gari. Hizo hupaka nta. Hazifuti kikwaruzo chochote, na ukizitumia juu ya gari lenye vumbi zitakuongezea.

Mazungumzo ya mashine humaliza muda, kumbe nusu ya kazi iko kwenye pedi na kompaundi. DA ileile ikivishwa pedi ya maikrofaiba na kompaundi ya kukata hufuta mikwaruzo ya msasa; ikivishwa sponji laini na polishi nyembamba, huacha rangi kama kioo bila kukata chochote cha maana. Manyoya ya kondoo hukata sana na hupitisha hewa, hivyo hayachemshi haraka kama sponji ngumu. Kompaundi zenyewe ni za aina mbili. Za zamani zina chembe zinazovunjika kadiri unavyosugua: zinaanza kali, zinaishia laini, kwa hiyo ukiziacha kabla hazijaisha utabaki na ukungu. Za kisasa nyingi zina chembe ndogo zilizo sawa ambazo hazivunjiki. Ukali wake unatokana na pedi na mkono. Anayechanganya taratibu za aina hizi mbili hulaumu mashine bure.

Pedi chafu ni msasa. Klia iliyosuguliwa na kompaundi iliyokauka hujazana kwenye matundu ya sponji, na baada ya boneti moja pedi hiyo inakwaruza kuliko inavyofuta. Brashi ngumu au hewa ya kompresa baada ya kila eneo, na pedi nne au tano kwa gari moja, ni gharama ambayo gereji nyingi hazitaki kuingia. Vilevile gari lisiposafishwa kwanza hadi vumbi la chuma na lami litoke, mashine yoyote ile itakuwa inasambaza mchanga.

Rangi nyeupe ina hadithi yake, na kwa kuwa barabara zetu zimejaa Toyota nyeupe, inafaa kusemwa. Magari mengi ya Toyota yenye namba ya rangi 040, ambayo husomeka kwenye kibati chenye taarifa za gari, hayana klia. Rangi na mng'ao viko kwenye tabaka moja. Ukiyapiga polishi, pedi inageuka nyeupe, na mwenye gari akiona hivyo huruka akidhani amechomewa rangi. Hakuchomewa, ndivyo tabaka hilo linavyosuguliwa. Ila kwenye gari jekundu au la buluu lenye klia, pedi ikigeuka rangi ya gari maana yake klia imekwisha pale, na hakuna cha kurudisha isipokuwa bunduki ya rangi.

Sasa tufike yadi, kwa wauzaji wa magari yaliyotumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Tanzania huyaruhusu ya zamani zaidi kwa kuyaongezea ushuru kulingana na umri. Kwa vyovyote, gari lililotumika Japani linapokaa yadi Dar es Salaam au Mombasa limeshapitia mikono ya wasuguaji mara kadhaa, na mara ya mwisho ni siku moja kabla hujafika. Polishi nyingi zina mafuta na silikoni zinazojaza vikwaruzo na hologramu kwa muda. Kuosha mara ya tatu au ya nne huyaondoa, na utando unarudi ukiwa umeshalipa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla ya kutoa pesa, mimina spiriti kidogo iliyochanganywa na maji kwenye kitambaa safi, futa eneo la kiganja kimoja kwenye boneti, kisha litazame juani. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Kuna kifaa kingine ambacho ningekinunua kabla ya mashine yoyote: kipimo cha unene wa rangi, kidogo kinachotosha mfukoni. Kwenye bati hupima kwa sumaku, na vinavyopima alumini pia hutumia mkondo wa umeme. Kwenye plastiki vingi havifanyi kazi. Ukisoma maikroni 110 kwenye paa na 120 kwenye mlango, hiyo ni rangi ya kiwandani. Ukisoma 280 kwenye mlango mmoja, umepigwa rangi upya. Ukisoma 1,000 na zaidi, chini yake kuna puti, na chini ya puti kuna ajali. Na ukisoma 75 kwenye boneti, mtu ameshasugua kabla yako hadi karibu na mwisho. Mashine yako ibaki kwenye boksi.

Anayetaka kununua aangalie pia umeme. Mashine zinazotumwa na ndugu walioko Marekani huwa za volti 120, na ukizichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 bila transfoma, zitazunguka kwa sekunde chache za furaha kisha moshi. Transfoma nayo iwe na uwezo. Mota ya wati 900 haiendeshwi na ile ya kuchajia simu. Mashine za hewa, nyepesi na zisizochoka, zinahitaji hewa nyingi mfululizo, na kompresa ndogo ya kujazia tairi huishiwa pumzi katikati ya mlango wa kwanza. Za betri za volti 18 zimekuwa nzuri sana, ila ukipanga kumaliza gari zima, nunua betri za ziada.

Kwa maoni yangu, mwenye gari anayetaka kujifunza, na hata kijana anayeanzisha sehemu ya kuoshea magari, aanze na DA ya viduara vya milimita 15, sahani ya milimita 125, sponji za ukali tofauti na polishi moja ya wastani. Atakosea, lakini makosa yake yatarekebishika. Rotari aiachie siku atakapokuwa na mlango wa mtumba wa kufanyia mazoezi, usio wa mteja. Fundi rangi anayesugua msasa kila siku hana haja ya ushauri wangu, ila akimaliza na rotari apitishe DA yenye sponji laini juu yake. Hatua hiyo ya ziada ndiyo inayotofautisha gari linalong'aa kivulini na linalong'aa juani.

Na kuna magari ambayo hayahitaji mashine yoyote kati ya hizi. Ukiona paa au boneti ina mabaka meupe yaliyofifia, kingo zake zikibanduka ukizikwangua kwa ukucha, klia imekufa. Kompaundi itapanua tu baka hilo, kwa rotari au kwa DA, kwa shilingi elfu hamsini au laki mbili. Hiyo ni kazi ya msasa, praima na rangi mpya, na bei yake iulizwe kwa fundi rangi.